Mikeka Miwili na Taa ya Nazi

Jumatano, tarehe tano Julai. Baridi ya kipupwe, upepo wa kusi tangu alfajiri, mawingu mepesi, mvua hakuna.

Ndivyo nilivyoandika siku hiyo katika daftari langu la uzazi, na chini yake: "Mtoto wa kike, mzima. Taa: mafuta ya meli." Hayo maneno ya taa hakuna aliyeniagiza kuyaandika. Kliniki, walipotukusanya sie wakunga wa mitaani kwa miezi michache kutufunza herufi hizi za Kizungu, walitaka tuandike siku, hali ya hewa, mtoto wa kike au wa kiume, mzima au la. Hali ya hewa nadhani ilikuwa ya kutuzoesha kalamu tu, maana sikumwona aliyeisoma. Ya taa niliyaongeza mwenyewe. Mwaka ule nilikuwa nimesema maneno makubwa juu ya taa mbele ya watu, nikaona si haki daftari linyamaze.

Kusoma kwangu kwingine ni kwa madrasa, basi atakayeona nimekosea humu asishangae. Nitajaribu kuandika na yale ya wenzangu waliopingana nami, kwa sababu walikuwa na haki kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili. Tulikaa Temeke, nyumba ya udongo na makuti, vyumba vitatu: mie niliyefiwa na mume, mdogo wangu, na mumewe, shemeji yangu, aliyekuwa kuli bandarini. Chumba cha kati ndicho nilichozalishia wanawake wa mtaa. Hakikuwa na dirisha. Mafundi wa siku zile waliliona dirisha ni njia ya mwizi, na sie wakunga tuliliona ni njia ya upepo. Hata saa sita ya mchana, ukifunga mlango, humo ndani huoni kiganja chako.

Taa zetu zilikuwa vibatari: kopo la maziwa, kifuniko kilichotobolewa, bomba jembamba la bati na utambi wa pamba. Mafuta yake yalitoka ng'ambo kwa meli, ndani ya madebe, na shemeji alikuwa mmoja wa walioyabeba mgongoni. Vita vikazidi, meli zikapungua. Mwenye duka la mtaani kwetu, Mhindi wa Kishia, alianza kutoa chupa moja kwa nyumba kwa juma, kisha nusu chupa, kisha akawa anatoka barazani na kutuonyesha mikono mitupu. Watu walisema ameyaficha. Mie nilipita nyuma ya duka lake magharibi moja nikawakuta yeye na wanawe wanakula gizani kama sie. Naandika hivyo kwa sababu waliomsema hawakupita huko nyuma.

Aliyeyauza mafuta hayo kwa rejareja, pale pale barazani pa duka, alikuwa mtani wangu, mwanamke mwenzangu wa chama cha ngoma. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, basi alikuwa na ruhusa ya kuniambia lolote na mie sina ruhusa ya kukasirika. Alipima kwa kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Ukilalamika kwamba kikombe hakikujaa, alikwambia umletee mkono wake nao aujaze.

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya tatu. Wawili wa mwanzo hawakuishi. Wa kwanza homa ilimchukua akiwa wa siku arobaini, na hilo lilikuwa la Mungu. Wa pili alizaliwa mikononi mwangu, kitovu kimemzunguka shingo, na kibatari kilikuwa kimeishiwa mafuta. Nilikitafuta kitovu kwa vidole gizani, nikakipata, lakini nilikuwa nimechelewa. Mdogo wangu hakunilaumu hata siku moja. Hii ya tatu tulihesabu itafika mwezi wa Julai, na nilikuwa nimejiapia moyoni kwamba chumba kile hakitakosa taa tena, meli ije isije.

Chama chetu cha ngoma ya wanawake kilikuwa na desturi ya mikeka miwili. Likitokea jambo la kuamua, mkubwa wetu hutandika uani kwake mkeka mmoja upande wa mlango na mmoja upande wa jiko. Anayelikubali jambo anakaa wa mlangoni, anayelikataa anakaa wa jikoni. Ukishawishika, unahama. Ukihama unazomewa na uliowaacha na kupigiwa vigelegele na unaowaendea. Ukihama mara tatu katika jambo moja, siku ya karamu unakuna nazi peke yako, kwa hiyo watu walifikiri kidogo kabla ya kuinuka.

Mkubwa wetu alikuwa na shamba la minazi Mbagala, na nazi za shamba lile ndizo zilizolisha karamu za chama. Mwezi wa Februari, jua kali, alasiri, nilipeleka shauri langu: nazi zile zisiende karamuni. Tuzikamue mafuta ya taa, na nyumba yenye mzazi ipate kwanza.

"Meli ni ya watu," nikasema, "na vita ni vyao. Minazi ni yetu. Bibi zetu walikuwa wanawasha nini kabla ya madebe?"

Mtani wangu alikuwa ameshakaa mkeka wa jikoni, miguu ameinyoosha. "Mzaramo akiona mnazi anadhani ameona serikali," akasema, na uani watu wakacheka. "Haya shoga, nazi ngapi kwa chupa moja?"

"Kumi. Pengine kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Na kuni za kuchemshia hilo tui mpaka litoe mafuta, nazo zinatoka kwa bibi zako?"

"Kuni tutaokota."

"Utaokota wewe. Hawa wana waume wa kupikia na watoto wa kuogesha. Wewe mjane, mikono yako inakaa bure, sasa unataka na yetu iache kazi ikufuate wewe."

Maneno yale yalinichoma, na kama asingekuwa mtani ningeondoka. Lakini yalikuwa kweli. Pale uani hakuna aliyekuwa na nafasi kama mie, na nilikuwa nawapangia wenzangu kazi kwa nafasi yangu. Mwingine akaongeza kuwa nazi ikikauka ikawa mbata inanunuliwa mjini, na mwenye mbata anaweza kununua mafuta ya meli yakija. Nilichokishika mie ni lile neno "yakija" tu.

Wanaume hawakai mikekani, lakini hakuna sheria ya kuwazuia kuegemea ua. Shemeji alikuwa ametoka kazini, akaegemea. "Mie nayabeba hayo mafuta," akasema. "Wanasema huko yanakotoka yanachimbwa ardhini, kama sie tunavyochimba kisima. Nami nauliza, ardhi yetu huku nani ameichimba akaona hayamo? Tungekuwa na yetu, leo msingekuwa mnabishana juu ya nazi."

"Shemeji wa watu," mtani akamjibu, "wakija kuchimba kwako wakayapata, unadhani utapewa chupa? Utahamishwa Mbagala, halafu asubuhi uje upange foleni kwangu kununua ya shambani kwako."

"Hata hivyo yatakuwa karibu."

"Karibu na nani?"

Nimeufikiria ubishi ule mara nyingi, na mpaka leo siwezi kusema nani alishinda. Shemeji alikuwa na haki kutaka tutafute chetu. Mtani alikuwa na haki kuuliza kitakuwa cha nani. Minazi angalau tulijua ni ya nani.

Mkubwa wetu akaniuliza swali moja. "Mkunga, wewe mwenyewe umeshazalisha kwa taa ya nazi?"

"Sijawahi."

Watatu wakainuka mkeka wetu wakaenda wa jikoni, na huko wakapigiwa vigelegele. Nikasema basi tuijaribu hapa hapa, mbele ya macho. Nilikuwa nimekuja na chupa ya mafuta ya nazi, na kibatari changu nilikuwa nimekiweka juu ya kizingiti kinaota jua. Nikamimina, nikawasha, nikakifunika kwa kapu lenye tundu la kuchungulia, maana juani mwali hauonekani. Kikawaka. Kiliwaka tangu sala ya alasiri mpaka ya magharibi, moshi kidogo kuliko wa mafuta ya meli, harufu kama ya jikoni siku ya sikukuu. Watu wakahama mmoja mmoja mpaka mkeka wa jikoni ukabaki na mtani wangu peke yake.

"Nawe njoo," wakamwambia.

"Mie nabaki kuulinda mkeka usiibwe."

Sasa niliseme kosa letu, kwa sababu hata leo linanishangaza. Pale uani palikuwa na wanawake wa pwani wa kutosha kujaza ngoma, na kila mmoja ana chupa ya mafuta ya nazi ya nywele nyumbani kwake. Kila mwaka, kipupwe kikiingia, mafuta yale yanaganda meupe, na kila mmoja wetu huiweka chupa juani yayeyuke kabla ya kusuka. Tumefanya hivyo tangu utoto. Hakuna aliyesema. Mtani wangu naye hakusema, na yeye alikuwa anatafuta kila sababu ya kunipinga. La kichwani tulilijua kichwani, na taa tuliiona ni jambo jingine.

Miezi iliyofuata tulikamua. Kila Ijumaa zilikuja nazi za Mbagala, tukaketi juu ya mbuzi za kukunia tukikuna mpaka vifundo vikavimba. Niliandika daftarini "Taa: nazi" mara saba, na sifichi kuwa kila mara niliandika kwa herufi kubwa kidogo. Niliandika pia kuwa utambi huzimika ukiusahau, kwamba lazima uuvute juu mara kwa mara, kwa sababu mafuta ya nazi ni mazito hayapandi bomba upesi. Mtani akipita alichungulia uani. "Bado mnapika giza?" akiuliza. Nami nikimjibu kuwa linakaribia kuiva.

Mwisho wa Juni, asubuhi moja, niliona mafuta yamefanya ukungu ndani ya chupa. Niliyaweka juani yakawa safi, nikaenda zangu kuteka maji. Naandika hili kwa sababu lilikuwa onyo, nami nililiona.

Uchungu ulimshika mdogo wangu kabla ya alfajiri ya tarehe tano. Kulipopambazuka niliona hauna mchezo, nikamtuma shemeji awaite wanawake, nami nikaenda kuchukua kibatari nilichokuwa nimekijaza jana yake na kukiweka sakafuni karibu na mlango. Kilikuwa kizito. Nilipokifungua, ndani palikuwa peupe kama samli ya baridi.

Nilikipeleka jikoni nikakiinamisha juu ya makaa. Yakayeyuka. Nikawasha, kikawaka vizuri, nikashukuru Mungu. Nikakiweka karibu na magoti ya mdogo wangu, juu ya sakafu ya udongo iliyokuwa baridi. Haukupita muda mrefu mwali ukaanza kushuka. Nikauvuta utambi, ukapanda, ukashuka tena. Chini ya kopo na ndani ya lile bomba yalikuwa yanaganda upya, na mwali ulikuwa unakula utambi mkavu.

Mtani wangu aliingia wakati huo, kwa sababu shemeji alimkuta njiani. Alisimama mlangoni, khanga ameikaza mabegani, chini ya khanga ana kitu.

"Hodi humu. Naona giza limeiva."

"Karibu. Funga mlango, baridi."

"Dada," mdogo wangu akasema, "taa inakufa."

"Naiona. Wewe usiiangalie taa, niangalie mie."

"Sikuoni."

Mtani akachuchumaa kando yangu, akaitoa chupa na kibatari chake mwenyewe, akaviweka sakafuni kati yetu. Nataka niwe mkweli: nilikaa kama pumzi mbili au tatu nikitaka ya kwangu iwake. Miezi mitano ya kukuna ilikuwa ndani ya lile kopo. Kisha kichwa cha mtoto kikaja, mwali wangu ukawa wa buluu, mdogo kama punje ya mpunga, na nilikumbuka vidole vyangu vikitafuta gizani.

"Mtani," nikasema, "washa yako."

Aliwasha. Chumba kikafunguka chote, nikaona shingo ya mtoto na kitovu kimezunguka mara mbili. Nilipitisha kidole, nikakitoa mzunguko wa kwanza juu ya kichwa, kisha wa pili. Mtoto alikuwa mweusi wa buluu, kisha akawa mwekundu, kisha akalia. Mdogo wangu akaniuliza, "Ndiye huyo analia, au nasikia vibaya?" Nikamwambia ni yeye, na nikamweka kifuani kwake ajisikilizie.

Mtani alikuwa bado ameshika taa kwa mikono miwili. Alipoona mambo yametulia, akarudi kwenye utani wake. "Kaandike, mwandishi. Andika meli."

"Nitaandika."

"Kwa herufi kubwa, kama zile za nazi."

Sikujua kama aliwahi kuziona, nikaona haya. Nikaandika kwa herufi za kawaida.

Alasiri wanawake wa chama walikuja kumwona mtoto, na mkubwa wetu alikuja na ile mikeka miwili kwapani, kwa sababu habari ya taa ilikuwa imeshaenea. Nazi za juma lile zilikuwa zimelundikwa uani kwetu, hazijavunjwa. Ilibidi iamuliwe kama tuendelee kuzikamua, huo mkeka wa mlangoni, au zirudi karamuni, huo wa jikoni. Mikeka ikatandikwa, na kabla hajaketi mtu nilikwenda nikakaa ule wa jikoni, peke yangu.

Niliwaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa: nilivyoyaona yamefanya ukungu nikapuuza, nilivyoyeyusha, yalivyoganda tena, na kwamba mtoto yule amezaliwa kwa mafuta ya meli. Nikasema kuwa tuliijaribu taa mchana wa kiangazi, na kopo lilikuwa limeota jua, na kwamba kosa la kutofikiri baridi ni la wote lakini aliyewaambia waamini ni mie. Walinisikiliza. Kisha wakaanza kuja mkeka wangu, na hakuna aliyezomea.

"Basi nazi zirudi karamuni," mmoja akasema.

Mtani wangu akawa amesimama katikati. Nilidhani anakuja kuketi nami, aniambie mkeka wake nimeuzoea upesi. Akaenda upande wa mlango, akaketi katikati ya mkeka mtupu.

"Umepotea," wakamwambia. "Wa kwako ni huku."

"Sikupotea. Ile chupa ya asubuhi ilikuwa ya mwisho. Mwenye duka aliniambia jana, meli ijayo hajui ni ya lini. Nyie mkikosa mafuta mnakosa taa. Mie nikikosa nakosa taa na kazi. Hapa hakuna anayeyategemea mafuta ya watu kuliko mie, na siku zote nilikuwa nawacheka nyie." Akanigeukia. "Na wewe Mzaramo, bibi zako waliwasha nazi kwenye kopo la maziwa?"

"Hapana. Kibakuli cha udongo, utambi umelazwa ukingoni."

"Basi moto ulikuwa jirani na mafuta, unayapasha. Wewe ukayatenganisha na bomba. Na kipupwe waliwasha nini?"

Mkubwa wetu ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayekumbuka sauti ya marehemu. "Mbarika. Mama yangu alikuwa anakaanga mbegu zake, anatwanga, anachemsha. Yale hayagandi."

"Mbarika hizi zinazoota nyuma ya choo cha hapa?" mtani akauliza. "Zile za kuharisha?"

"Hizo hizo."

"Haya. Taa ikizimika, angalau tumbo litafunguka."

Uani wakacheka. Mie nikasema kuwa sijui kama mbarika inawaka vizuri, sijaijaribu, na safari hii tutaijaribu alfajiri, baridi, mlango umefungwa, kibakuli kikiwa sakafuni, na anayetaka kuona kasoro aje mapema kuitafuta. Nikasema vilevile kuwa chupa ya meli ikipatikana itawekwa kando kwa mzazi mpaka tuwe na hakika, kwa sababu kiapo changu kilikuwa ni mtoto aonekane, na sitaki kumfanya mtoto wa mtu awe kipimo cha maneno yangu. Kisha nikainuka nikaenda kukaa na mtani wangu. Wakanizomea vizuri sana.

"Sogea," nikamwambia.

"Mkeka mzima huu, bado unataka pa kwangu."

Tukawa wawili. Mlango wa chumba cha kati ulikuwa wazi, na sauti ya mdogo wangu ikatoka humo, ya mtu aliyechoka. "Na mie niwekeeni huko mlangoni. Mie na huyu."

Mkubwa wetu akahesabu kwa kidole: wanne. Hatukushinda. Lakini akasema wanne hawapuuzwi, mmoja wao akiwa hajatimiza siku, na akaamua nusu ya nazi irudi karamuni na nusu ikae kwetu ya kukamua, na kwamba kesho yeye mwenyewe atakuja na fimbo kuangua mbarika. Katika nusu yetu, mtani wangu aliokota mbili akazifunga ndani ya khanga mbele ya macho yangu. Ni haki yake ya utani, na sikuweza kumzuia. Hakwenda nazo mbali. Alikwenda nazo jikoni kwangu, akaketi juu ya mbuzi yangu, akakuna.

Jioni ile tulikula mapema, kungali na mwanga, muhogo uliopikwa kwa tui la zile nazi mbili na kipande cha papa mkavu alichokuja nacho shemeji. Mzazi alipata uji wa mtama wenye pilipili manga, akaumaliza, akaomba na muhogo.